Mashini Tatu Yenye Niliita Citoyen

Hii habari, batoto, inanionyesha minye mujinga. Nawaambia mbele, juu musikuye kuniambia kisha, "Papa Kabwe, kumbe ulikuwa mujinga." Najua. Nilikuwako pale. Lakini musisimame bado, juu ku mwisho ninashinda, na nilishinda muzuri kabisa, ata leo nikiikumbuka mugongo inajinyoosha yenyewe.

Ninyi leo munafinyaka telefone na kidole moja, karatasi inatoka mu imprimante yenye iko ku chumba ingine, na munakasirika kama inachelewa dakika moja. Muzuri, mukasirike. Minye nilitoka majasho wiki nzima juu karatasi itoke ku biro moja ifike ku biro ingine, hapa Likasi, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaïre na kompani ya mukuba, ile shaba, ilikuwa tata na mama ya kila muntu.

Masomo yangu ni primaire tu, ku Panda, mutaa ya hapa Likasi. Mwaka ya sita niliimaliza juu mwalimu alichoka kuniona. Kompani ikanitia mbele ku concasseur, ku Kambove, ile mashini ya kuvunja majiwe. Myezi tatu. Muntu wa concasseur akirudia ku nyumba, bibi anamuambia chakula iko tayari, yeye anajibu, "Ndiyo, mulango nimeshafunga." Masikio inaenda polepole, hauone saa yenye inaenda. Tata yangu mukubwa alitumika pale, akazeeka akisema "nini?" ku kila muntu.

Minye nilitoka juu ya wembamba. Balikuwa banatafuta muntu wa kupanda mu plafond, juu ya dari, kuvuta nyuzi za telefone, na minye nilikuwa mukondefu, naingia fasi yenye paka inawazaka mara mbili. Tena nilikuwa na mudomo. Mudomo yangu ilikuwa inafikaka ku kazi mbele yangu. Njo vile nikafika mu chumba ya mashini ya biro kubwa, chini ya papa Kasongo.

Papa Kasongo alikuwa shefu wa ile chumba tangu wakati ya carte perforée, zile karatasi ngumu za matundu, kila muntu wa kompani na karte yake. Matundu inasema jina, kazi, bibi, batoto wangapi. Mashini inasoma matundu, inatosha liste ya mposho, njo kusema ile unga na samaki yenye kompani ilikuwa inagawanya ku bafamilia. Wiki yangu ya kwanza niliangusha kartoni nzima ya Panda. Nikaokota mbio mbio, nikarudisha vile vile, nikajifanya sikuone kintu. Siku ya mposho, kijana mwenye hana bibi akapata unga ya batoto saba, na tata wa batoto saba akapata ya muntu peke. Ule kijana alibeba, akaenda zake mbio. Ule tata alikuya ku biro na batoto yote saba, akabapanga ku mulango.

Papa Kasongo hakunikaripia. Alinipa zile karte zote, akasema, "Panga." Siku mbili nilipanga. Nikimaliza, akaniambia kitu yenye nawaachia na ninyi: "Kabwe, kazi ikiharibika, usianze kutafuta mbali. Anza na kintu ya mwisho yenye mukono yako iligusa." Nilimuitika, ndiyo papa, ndiyo papa. Na nikasahau, sawa vile mutaona.

Kisha zile karte zikaisha, ordinateur zikakuya. Biro tatu zikapata moja moja: biro ya personnel ya kuandika bantu ba kazi, biro ya magasin ya kutunza vintu, biro ya mposho. Lakini imprimante ilikuwa moja tu, kubwa, nzito, iko mu chumba ya papa Kasongo. Basi réseau yetu, ule mutandao ya mashini, ilikuwa ya miguu. Karani anaandika ku mashini yake, anatia mu diskette, anatembea mu couloir, ile njia ya kati ya babiro, anafika kwetu, anasimama mulolongo. Njiani anasalimia, anapiga masolo, anatia diskette mu mufuko pamoja na karanga. Munajua karanga inafanyaka nini mu diskette? Haifanye kintu muzuri.

Bon. Siku moja muzungu akatoka Lubumbashi na makartoni. Ndani kulikuwa karte za kutia mu tumbo ya mashini, na kamba mweusi nene sawa kidole kidogo. Akatufasiria nusu ya siku: kamba inapita ku mashini zote, mashini moja ya chumba yetu inashika imprimante, na kila biro inatuma karatasi yake bila muntu kusimama. Akaacha na kitabu kimoja ya Kingereza. Akarudia Bulaya wiki ile.

Directeur akatuita. Alikuwa muntu wa maneno kidogo.

"Mposho ya huu mwezi, liste zote zitoke na réseau. Ijumaa. Jumatatu, juu ya kwanza, bagawanye."

"Na kama haitoke, citoyen directeur?" Minye njo niliuliza, juu ya ile mudomo.

Akaniangalia. "Imprimante inaenda Kambove, kule balishaniomba. Na weye unaifuata. Ku concasseur iko fasi."

Papa Kasongo akasema, "Ataiweza. Minye najibu juu yake."

Kazi ya kamba niliifanya muzuri, na hapa sitaki muntu anicheke. Ile kamba ya zamani haikukuwa sawa hizi zenu. Ilikuwa moja tu, inatoka mashini hii inaenda ile, sawa kamba ya kuanika nguo. Ku kila mashini unatia kichuma ya kugawanya, inafanana na T. Haipende kukunjwa, ukiikunja sawa mukono yenye inabeba kikapo, ndani inavunjika na inje hauone kintu. Tena ku mwisho, upande huu na upande ule, unafunga bouchon, kadogo sawa kifuniko ya dawa ya macho. Ukitosha bouchon moja, réseau yote inakufa, ata mashini yenye iko mbali.

Myaka kisha, réseau ilishazeeka, asubuhi moja ikakufa. Nikapanda plafond, nikashuka, nikapanda. Midi, saa sita ya muchana, namuona karani moja anafungua sanduku yake, na ku funguo yake inaning'inia bouchon yangu, inang'aa.

"Ulitosha wapi hii?"

"Ku mwisho wa kamba. Niliona haina kazi, hakuna kintu yenye inatoka pale."

"Na kofia yako, kamba gani inatoka pale?"

Hakuelewa mpaka leo.

Turudie. Kamba iko, bouchon iko. Ikabaki kintu moja: ile programu inauliza jina ya kila mashini. Ya imprimante haikuwa na matata, niliiita IMPRIMANTE. Lakini zile tatu za babiro, hapa njo mabishano ilianza.

Shefu wa personnel, muntu mwenye mustashi ndefu, akasema, "Ya kwangu uandike CHEF."

Shefu wa magasin akasema, "Chef gani? Minye nilikuwa shefu weye ukiwa ungali unachukua barua."

Wa mposho alikuwa mama, mukubwa wa sauti. Akasimama ku mulango, mikono ku kiuno. "Batoto ya hii mji banakula juu yangu. Kama kuko CHEF, ni mashini yangu. Ninyi wawili mutajua namna."

Bakavutana saa nzima. Muzungu alikuwa ameniambia kintu juu ya majina, nakumbuka midomo yake ikitembea, lakini ile siku nilikuwa naangalia mukasi yake mupya ya kukata kamba. Ile mabishano ilinichosha. Ku kikuta kulikuwa foto ya Mukubwa wa inchi na kofia yake ya chui. Nikaiangalia, na akili yangu ikapata mwangaza. Munajua, ile myaka hatukukuwa na monsieur wala madame. Directeur ni citoyen, njo kusema mwanainchi, mwenye anafagia ni citoyen, mama wa mposho ni citoyenne. Ilikuwa sheria. Basi nikapanda sauti:

"Bakubwa yangu, tunavutana juu ya nini? Hii inchi haina monsieur. Mashini zote tatu zitaitwa CITOYEN."

Nani angekatala? Ukikatala citoyen, utaeleza namna gani, na utaeleza nani? Shefu wa personnel akapiga makofi ya kwanza, polepole. Bengine bakafuata. Minye nikainama kidogo, sawa muntu ya teatre.

Nikaandika CITOYEN, CITOYEN, CITOYEN. Kisha nikajaribu. Nikawasha ya personnel, nikatuma karatasi, ikatoka. Nikaizima, juu directeur hakupenda courant, ule umeme, itumike bure. Nikawasha ya magasin, ikatoka. Nikazima. Ya mposho, ikatoka. Nikaenda kwa directeur na karatasi tatu mu mukono, natembea sawa nimeoa.

"Imeisha, citoyen directeur."

"Zote?"

"Zote tatu."

Ilikuwa juu ya sita. Siku ya Mungu niliimba mu misa mpaka basista bakageuka kuangalia.

Juu ya kwanza, asubuhi, biro zote zikawasha pamoja. Ya personnel ikaenda. Ya magasin ikaandika mustari moja ya Kingereza, kisha kimya. Ya mposho, vile vile. Mama wa mposho akaniita, sauti yake inafika ku plafond mbele yangu.

"Citoyen Kabwe. Mashini yangu inakataa."

"Inaandika nini?"

"Kizungu ya bale bengine. Si Kifaransa."

Nikaangalia. Mustari moja, fupi. Nikajiambia, hii ni maneno ya fundi mwenye aliitengeneza, sawa vile chini ya sahani banaandikaka inchi yenye ilitoka. Kungekuwa ba ingénieur wa kuuliza, bawili batatu balijua Kingereza. Lakini nilikuwa nimeshasema imeisha. Muntu mwenye ameshasema imeisha, kuuliza kunamuuma sawa kutosha jino. Njo ujinga yangu, ile pale. Jina sikuiwazia ata kidogo. Nikapanda mu plafond.

Juu ya pili, mama wa mposho akafika mbele ya sirène ya kuanza kazi, akawasha wa kwanza. Yake ikaenda, za bengine zikakataa. Shefu wa personnel akaona. Kesho yake alifika yeye wa kwanza, na chai yake mu termo. Shefu wa magasin akasikia, akakuya na baiskeli bado giza ya asubuhi, akamukuta mama wa mposho anangojea sentinelle, ule mulinzi, afungue. Balisalimiana muzuri sana, sawa bantu ku matanga, kisha mulango ikafunguka na bakakimbia. Mama mukubwa vile, mu couloir, viatu mu mukono. Na shefu wa personnel, mwenye alichelewa, mustashi yake inafuata nyuma.

Na courant. Ile wiki courant ilikuwa inakatika mara mbili tatu ku siku. Ikikatika, mashini zote zinakufa. Ikirudi, unasikia viti vitatu vinaanguka pamoja, kila shefu anaruka ku bouton. Mwenye alifinya wa kwanza anacheka mu couloir. Bengine bananiita majina yenye haina citoyen ndani.

Minye nilikuwa na mafasirio. Juu ya kwanza nilisema ni baridi ya asubuhi, kamba bado haijapata moto. Juu ya pili nilisema kamba inachoka ikibeba moja, inaomba kupumuzika. Nilibadilisha bouchon zote mbili. Nilibadilisha T. Nilifungua kamba yote, metre kwa metre, nikaipangusa na kitambaa sawa mutoto mwenye anatoka kuoga. Papa Kasongo alikuwa ananiangalia tu. Juu ya tatu midi akaniambia, "Kabwe, ulishasema ku Kambove bakutayarishie kofia?" Hakukuwa anacheka. Alikuwa amejibu juu yangu, na yeye mwenyewe alibaki na mwaka moja tu mbele ya pension.

Kesho yake, juu ya ine, ba Mwape akafika.

Ba Mwape alikuwa mama wa samaki. Kila juu ya ine alitoka ku ziwa Tshangalele na besani yake, anapita biro kwa biro, juu bakarani balipenda kuchagua samaki mbele haijafika ku soko. Tata yake alitumika mu mikuba ku Zambie, ku Kitwe, na yeye alikulia kule. Hiyo minye sikuijua. Minye nilijua tu samaki yake.

Alikuwa amechutama mu biro ya magasin, shefu anafinya finya makobo moja kuona kama ni ya leo. Courant ikarudi. Viti vikaanguka. Shefu akaruka ku mashini, akachelewa. Ule mustari ikaandikwa. Shefu akatukana. Minye nilikuwa juu ya échelle, ile ngazi, kichwa mu plafond.

Ba Mwape akasema, bila kusimama, "Inawaambia ile jina iko na mwenyewe."

Nikatosha kichwa. "Unasema nini, ba mama?"

"Pale. Inasema hii jina muntu mwingine ameshaishika. Mutafute ingine."

"Unasoma Kingereza?"

"Nilisoma mpaka form two. Unafikiri nilizaliwa mu besani?"

Nikashuka ile échelle, sijui kama niligusa vipandio vyote. Nikakimbia biro ya mposho, nikasoma: CITOYEN. Nikakimbia biro ya personnel: CITOYEN. Munaelewa? Réseau iko sawa fakteri wa posta. Anafika ku njia moja, manyumba tatu, na mu kila nyumba kuko muntu mwenye anasema, "Citoyen ni minye." Ule fakteri anaitika wa kwanza, bengine anabafunga inje. Na minye njo niliandika, na mukono yangu, kintu ya mwisho kabisa mbele ya kusema imeisha.

Nilirudi kwa papa Kasongo. Nikamuambia yote, juu angeisikia tu. Akafunga macho.

"Ni majina," akasema.

"Ni majina, papa."

"Wiki nzima unapangusa kamba."

"Ilikuwa na vumbi vile vile."

Akanitupia kitambaa ku uso. Lakini niliona mabega yake inashuka, sawa muntu mwenye ametua muzigo.

Sasa, majina gani? Nikisema CHEF, mabishano inaanza tena, na Ijumaa ni kesho. Nikaangalia besani ya ba Mwape. Njo pale akili ilinirudia. Nikaita bashefu bote tatu.

"Kila biro ichague samaki moja. Mwenye alichagua, mwengine hana ruhusa."

Mama wa mposho hakungojea, akasema, "Makobo," juu ni samaki ya bakubwa. Shefu wa magasin akakamata Tilapia. Ikabaki kabambale, ile ya masharubu. Bote tukaangalia mustashi ya shefu wa personnel, na hakuna muntu alisema kintu. Hiyo ilikuwa mubaya kuliko kusema.

"Minye sitaki kabambale," akasema.

Ba Mwape akamuangalia na huruma. "Papa, unaikataa juu ya nini? Maji ikikauka, makobo anakufa, tilapia anakufa. Kabambale anatembea mu matope na tumbo yake, anaenda kutafuta maji ingine. Hakuna samaki mwenye nguvu sawa yeye."

Shefu akapapasa mustashi. "Andika," akaniambia. "Na herufi kubwa."

Ijumaa, saa nane ya muchana, directeur akaingia mu chumba yetu na mikono nyuma. Mashini zote tatu zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi, zote pamoja, hakuna mwenye alikimbia. Nikapiga kelele mu couloir: "Tumeni." Biro tatu zikatuma. Minye nikaweka mukono juu ya imprimante, juu kusema kweli niliogopa zitachanganyika, unga ya huyu ku jina ya yule, sawa zile karte.

Ikaanza. Munaijua ile sauti, imprimante ya sindano? Hapana, hamuijue. Sawa muntu anapasua kitambaa na anaimba. Ikamaliza liste ya makobo yote, ikapumua kidogo, ikaanza ya tilapia. Jina kwa jina, famili kwa famili. Karatasi inajikunja yenyewe chini, inapanda mpaka ku goti yangu.

Mu katikati ya kabambale, courant ikakatika.

Giza mu ma écran zote. Directeur akaniangalia. Minye nikajifanya naangalia kamba. Dakika kumi. Kisha taa zikarudi. Na nikasikia, mu couloir, viti vitatu vinaanguka.

Bashefu bote tatu balikuwa bamesimama, mukono ku bouton, tayari kwa mbio. Kisha bakakumbuka. Mama wa mposho akaangalia shefu wa magasin, shefu wa magasin akaangalia mustashi. Bakaokota viti, bakakaa polepole, sawa ku misa padri akisema mukae. Kila muntu akafinya yake, bila haraka. Makobo ikaingia. Tilapia ikaingia. Kabambale ikaingia, ikarudilia liste yake, na ikamaliza.

Directeur akapasua karatasi ya mwisho na mukono yake mwenyewe. Akasoma. Akaikunja, akaitia mu mufuko ya abacost, ile koti ya bakubwa. "Imprimante inabaki," akasema. Akafika ku mulango, akageuka. "Na muntu wa kamba vile vile."

Juu ya kwanza nilienda ku Panda kuona. Mulolongo mbele ya magasin ya mposho, ba mama na masafuria na bigunia, na ku mikono ya bakarani zile karatasi zangu. Kila muntu anaitwa, anaitika, anabeba. Kijana mwenye hana bibi akapata ya muntu peke. Nikasimama pale mpaka kigunia ya mwisho, mikono nyuma, sawa minye njo nililima ile mahindi. Mama moja akaniuliza natafuta nini. Nikamuambia, "Hakuna, mama, naangalia tu réseau yangu." Akasogeza mutoto wake kidogo.

Ingeishia pale ingekuwa muzuri. Lakini juu ya tatu muntu wa Parti, ile chama ya Mukubwa wa inchi, akafika mu chumba yetu. Kila kompani ilikuwa na wake, wa kuangalia kama bantu banapenda inchi. Alikuwa na kanye, kadaftari kadogo, na bic ya kuandika. Akafunga mulango nyuma yake.

"Citoyen Kabwe. Nasikia mulikuwa na mashini tatu zenye ziliitwa Citoyen. Nasikia weye uliondoa Citoyen, ukatia samaki."

Papa Kasongo akaangalia viatu yake. Ile myaka bantu balipotea juu ya kintu kidogo kuliko samaki. Concasseur ingekuwa bahati.

"Ni kweli, citoyen," nikasema. "Niliona kosa yangu."

"Kosa gani?"

"Citoyen ni muntu wa Zaïre. Hizi mashini zilizaliwa Bulaya, zilifika mu kartoni. Minye nilizipa nationalité, ule uraia, zote tatu, siku moja, bila kuuliza Kinshasa. Nilijisikia mubaya. Nikaiondoa mbele Parti haijasikia haya."

Bic ikasimama. "Na samaki?"

"Samaki ni za Tshangalele, citoyen. Za bankambo, babu zetu. Ni authentique kabisa, za asili, sawa vile Mukubwa anataka."

Kisha akaandika neno moja, nikaona kutoka kwa mukono yake kwamba ilikuwa ndefu. Authentique. Akafunga kanye.

"Na ku biro ya Parti," akasema, sauti yake imeshuka, "hii réseau itafika lini?"

"Mukituomba, mwezi kesho."

"Ya kwetu itaitwa samaki gani?"

"Yenye citoyen atachagua."

Akawaza. "Isikuwe ndakala, ile samaki kadogo kabisa," akasema, na akatoka.

Papa Kasongo akafunga mulango. Akaanza kucheka bila sauti, akatosha matalatala ya macho, akapangusa macho na ile kitambaa yenye nilipangusia kamba. Alicheka mpaka nikaanza na minye. Kisha akaacha, akaweka mukono juu ya imprimante, ingali na moto kidogo. Munapaswa kujua, ile myaka majina ya batizo ilikuwa imekatazwa. Ku kazi, ku masomo, ku karatasi zote, muntu aliitwa na jina ya bankambo tu, na hakuna mwenye alipaza sauti. Myaka yote tuliyotumika pamoja, sikukuwa nimejua yake. Akaniambia, polepole:

"Siku ine tu hizi mashini zilikataa kuitwa jina moja, na bakubwa bote bakakubali kuipatia kila moja jina yake. Minye nilibatizwa Gaspard, Kabwe. Usiambie muntu."